Ubao wa Kumrudishia Mama Mkwe

Msichana wa kiti cha nyuma ndani ya basi alifumba macho ili asikie vizuri. Mbele yake, seremala aliyepakata ubao mpya wa plastiki wa kukatia mboga alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake habari za mashine anayoiunda, itakayochonga mbao yenyewe kwa kompyuta. "Skrubu ndefu nimepata, mama. Nati zake zinataka plastiki ngumu, na dukani bei haishikiki. Nikakata ubao wa jikoni wa mama mkwe, nikazichonga."

"Bila kumwambia?"

"Aliukuta vipande. Akaondoka na mke wangu. Huu naupeleka, nikawaombe radhi."

"Umefanya la maana, mwanangu."

Basi likasimama kwenye kituo cha seremala kushukia. Mama akampisha, lakini seremala alikuwa anaupima ubao kwa shubiri. "Shida," alisema, "jana nati moja ilipasuka."