Karani Aliyemwandika Mwachie

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Karani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 chini ya mlima huu wa matuta ya mawe, kitindamimba wa mjenzi wa matuta. Shuleni, alikomaliza mwaka 1967, alisifika kwa mwandiko. Mama yake alimtania kuwa hata akikosea, hukosea kwa herufi nzuri.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa ofisi ya ardhi. Akipima mlima, alikuta ukanda mpana katikati ya matuta, haujaguswa na jembe wala jiwe. Akamuuliza bibi aliyekuwa akipalilia jirani, "Bibi, hapa ni pa nani?"

"Mwachie," bibi akajibu, akainamia jembe lake.

Karani akaandika: Mmiliki, Bwana Mwachie. Kumbe wazee walitaka paachwe tu. Aachiwe nani, hawakusema kamwe. Bwana huyo akatafutwa wee, hakuonekana. Ofisi ikabandika tangazo: ajitokeze ndani ya siku tisini, la sivyo kiwanja kigawiwe. Watu, kwa pupa, wakaanza kujenga hata kabla ya muda kwisha.

Siku ya tisini, 9 Mei 1972, saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekatika siku nne, mlima ulishuka. Ulipita ndani ya ukanda ule ule, usiguse tuta hata moja kushoto wala kulia. Watu kumi na mmoja, jamani. Ubao wa tangazo ulibaki wima, karatasi haipo.

"Tulimwita, akaja," Karani alisema, wala hakuwa anatania.

Mwaka 1975 alimwoa mama yetu, mshonaji, aliyempoteza dada yake pale. Alimweleza yote kabla ya posa. "Uliandika ulichosikia," mama alimwambia. "Sasa kaandike ulichoelewa." Kila mwaka hadi kustaafu aliiomba ofisi iandike: pasijengwe. Haikuandika.

Oktoba iliyopita moyo ulianza kumsumbua. Wodini alimuuliza muuguzi nani anaburuta mawe chini ya sakafu. Muuguzi aliinama, akasikiliza, kisha akaomba kuhamishwa zamu. Karani alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano. Alisisitiza pia zitajwe nyumba saba zilizojengwa tena Mwachie. Nyinyi wa nyumba saba mko hapa, tunawaona. Tangazo jipya limeshabandikwa, na jina ni lile lile.

Yeye alale kwa amani. Nyinyi msilale kule.