Bi Mwanaidi na Sahani ya Danieli

Bwana asifiwe! Mnaoitikia kwa nusu mdomo nimewasikia. Mmeniambia nishuhudie lakini nisimtaje Bi Mwanaidi, kwa kuwa si wa dini yetu, anatafuna tambuu na ana mdomo. Nitamtaja!

Ndugu zangu, mwanangu Danieli alikufa maji. Tangu tulipomzika, nyumbani kwangu hapakuchekwa tena. Madirisha niliyafunga. Kila mlo nilipakua sahani yake kwanza, nikaiweka mbele ya kigoda chake, na ole wake atakayeigusa! Mnakumbuka miaka ile mchele ulivyokuwa wa foleni. Sahani ya Danieli inajaa, mimi na binti yangu Roza tunagawana ukoko. Roza akakonda mpaka akaanguka kwenye foleni. Nanyi mlikuja, mkaiona sahani ile, mkasema, "Pole, Mama Danieli." Mkaenda zenu.

Ndipo akaletwa huyu Bi Mwanaidi, mwanamke wa shamba, wa Kizimkazi. Sisi tulikuwa tumepewa na serikali vyumba vya juu vya nyumba ile baada ya Mapinduzi. Yeye akapewa cha chini. Akaja na kuku! Anaimba tangu alfajiri, anatwanga, anafungua madirisha yangu bila kuniuliza. Nilimchukia, ndugu zangu. Nikamwomba Mungu amwondoe.

Mchana mmoja akapanda ngazi, hata hodi hakupiga, akakaa juu ya kigoda cha Danieli. Akaisogeza ile sahani mbele ya Roza.

"Kula, mwanangu."

Nikampiga mwiko wa bega. Hakuinuka.

"Nipige, Bi Agnesi. Mie nshazika watatu, nnajua uchungu wake. Lakini huyu yu hai, na atakula."

Roza akala. Nilipomsikia mwanangu anatafuna, mwiko ukaniponyoka, nikalia kilio ambacho hata makaburini sikukilia. Bi Mwanaidi akanikumbatia, na bega lake lile lile limevimba. Siku hiyo nilifunguliwa. Haleluya!

Nilimwomba Mungu amwondoe, Mungu akakataa. Namshukuru kwa kukataa! Nawe uliyefunga madirisha kwa msiba, mtumaini Mungu huyu, hata akikuletea mtu usiyemtaka.

Roza huyo hapo, yatazameni mashavu yake. Bi Mwanaidi yuko nje barazani, ananisubiri twende nyumbani. Mkitoka, mpeni shikamoo yake.