Jiwe Lenye Mshikio wa Chuma

SHURIYE: Haloo? Ni nani? Hapa ni duka la Salesio, Meru. Mwenyewe yuko barazani anatafuna miraa.

ISNINO: Salaam aleikum. Ni mimi.

SHURIYE: Mimi nani?

ISNINO: Mke wako! Kwani uko na wangapi huko Meru?

SHURIYE: Aleikum salaam, Isnino! Laini inakwaruza, wallahi. Watoto wazima?

ISNINO: Wazima. Lile jiwe liko wapi?

SHURIYE: Jiwe gani?

ISNINO: Usinichezee. La lori. Lenye chuma.

SHURIYE: Ah, liko kazini. Giaboksi iko chini, nangoja spea, na lori liko hapa nje mteremkoni. Jiwe ndilo linashika tairi. Kwani?

ISNINO: Wataalamu wamefika Kipsing. Mzungu mmoja na profesa wa Nairobi. Wako kwa mawe ya Madanle —

SHURIYE: Yale majitu ya hadithi za nyanya?

ISNINO: Hao hao waliochimba visima. Mzungu amelala kifudifudi anapuliza vumbi. Profesa ameramba jiwe.

SHURIYE: Ameramba? Chumvi imeisha Nairobi?

ISNINO: Wanabishana mpaka mate yanaruka. Hakuna anayejua zile pete za chuma ziliingiaje kwa mawe bila kuyapasua, na mbona hazishiki kutu.

SHURIYE: Mimi nilishukuru tu kupata mahali pa kushika. Tangu nilitoe pale sabini na sita nalibeba kama birika.

ISNINO: Shuriye, duara la mawe pale kisimani liko na pengo.

SHURIYE: Pengo?

ISNINO: La jiwe moja. Wazee wa kisima wameona aibu mbele ya wageni. Kesho, baada ya adhuhuri, kila mwenye boma anaapa kwamba watu wake hawakuligusa.

SHURIYE: Waape. Mdomo ni wao.

ISNINO: Na baba yangu?

SHURIYE: Mzee hajui kitu. Mtu asiyejua —

ISNINO: Kiapo cha kisima hakiulizi kama ulijua! Kikiwa cha uongo kinamla aliyeapa. Na wewe ni mtu wake, umeoa kwake!

SHURIYE: Sasa nifanye nini? Breki ya mkono ilikufa zamani. Nikitoa jiwe, lori na simiti yake vinaingia hoteli ya Kinanu hapo chini.

ISNINO: Lala wewe chini ya tairi.

SHURIYE: Wiki ijayo nitalirudisha polepole. Watasema Madanle wamerudi, profesa aandike kitabu —

ISNINO: Kesho, nimesema! [mkwaruzo]

OPERETA: Dakika tatu zimeisha. Mnaongeza?

ISNINO: Ongeza!

SHURIYE: Tulia, mama. Habari ya jiwe tunajua mimi na wewe tu.

ISNINO: Unajua ni nani amenituma posta?

SHURIYE: Nani?

ISNINO: Baba.

SHURIYE: Ati? Amenitukana?

ISNINO: Akutukane, na wewe ni mkwe? Hata jina lako hajawahi kulitamka. Amesema tu, "Mpigie mume wako, umuulize kama ametengeneza breki."

SHURIYE: Breki? Anajua jiwe ndilo breki yangu?

ISNINO: Mlipokuja kuniposa, lori lilisimama mlangoni kwetu Kiwanjani, jiwe chini ya tairi. Nani alitoka kuwapokea? Na amekua akinywesha ngamia kwa kisima kile, kila jiwe analijua.

SHURIYE: Miaka hii yote... na kesho ataapa, akijua?

ISNINO: Amenipa kanzu nyeupe nimpigie pasi.

SHURIYE: Usipige.

ISNINO: Nini?

SHURIYE: Usipige hiyo pasi! Mwache hapo nyumbani, nakuja na pikap ya miraa! Salesio! Inuka, lete gogo! Lete watu! Kinanu, toa wateja nje!

ISNINO: Baba nimwambie nini?

SHURIYE: Mwambie breki — mwambie natengeneza leo — we Salesio, si huko, shika nyuma!

ISNINO: Shuriye? Haloo? Shuriye!

OPERETA: Muda umekwisha, mama. Ameacha simu ikining'inia. Nasikia tu watu wanapiga kelele, "Shikilia! Shikilia!"