Mama Taulo na Mikono Aliyoirudisha Kazini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni kwa safari na asanteni kwa kuja. Tulipokaa kuandika habari hizi za mama yetu, baba alitupa sharti moja tu: "Andikeni ukweli. Msimfanye malaika. Semeni na kukemea alikuwa anakemea." Basi tumejitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi seremala na mkewe, mkulima wa mboga. Kaka yake mkubwa anakumbuka kwamba tangu akiwa mdogo hakuweza kuvumilia kitu kichafu. Aliwahi kumfua paka wa nyumbani, akamwanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Paka alinusurika, ila hakurudi kumzoea.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1976. Hesabu zilimpiga chenga, lakini katika maarifa ya nyumbani alikuwa hashikiki. Mwenzake wa bweni, ambaye tunaye hapa leo, anasema walimwita Matroni Mdogo, kwani alikuwa akikagua shuka za wenzake kabla matroni mwenyewe hajaamka. Baadaye alisomea udobi na ushonaji katika chuo cha ufundi, akaajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli.

Huko ndiko alikokutana na baba. Baba alikuwa anaosha magari ya wageni kwenye maegesho ya hoteli, na mama ndiye aliyegawa nguo chakavu za kufutia. Siku moja baba alirudi mlangoni ameshika shati kuukuu.

"Dada, hili lina vifungo. Litanichubulia gari la watu."

"Ukitaka lisilo na vifungo, njoo kesho," mama akamjibu bila kugeuka.

Alikuja kesho. Akaja na keshokutwa. Akaendelea kuja hata siku ambazo maegesho hayakuwa na gari hata moja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 1996 walifungua karakana yao ya kuosha na kung'arisha magari nyuma ya nyumba. Baba alishika mashine ya polishi, mama akashika beseni na kamba. Zilipoingia taulo za maikrofaiba, zile za nyuzi laini zinazonyonya maji na kushika vumbi, mama alizipokea kama wageni wa heshima. Alizifua kwa maji ya moto, akazitia dawa ya kulainisha nguo hadi uani kukanukia, akazipiga pasi. Kesho yake baba alifuta gari jeusi la mteja, maji yakatambaa tu juu ya bodi.

"Mke wangu, taulo hizi umezifanyaje? Zinasukuma maji kama zimegombana nayo."

"Nimezipenda tu."

"Basi zipende kidogo."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Lakini hakuliacha jambo hilo hapo. Aliuliza, akajaribu, akaharibu nyingine, akajaribu tena, hadi akazielewa. Zilioshwa zenyewe tu, mbali na nguo za pamba zinazoacha manyoya. Maji yawe ya vuguvugu, sabuni ya maji iwe kidogo, na ziendelee kusuuzwa hadi povu liishe kabisa. Dawa ya kulainisha, iliyokuwa inaziba nyuzi zisinyonye maji, ilifukuzwa uani, pasi nayo ikarudi kwenye mashati ya baba. Zilianikwa kivulini, mbali na vumbi la barabarani, zikahifadhiwa kwenye masanduku yenye vifuniko. Taulo ya kufutia magurudumu haikulala sanduku moja na ya kufutia bodi. Na ole wako uangushe taulo chini, kisha uirudishe juu ya gari ukidhani hakukuona. Sauti yake ilikufikia kabla hujainuka. Wafanyakazi wakamwita Mama Taulo, na yeye akaitika.

Tunataka kusema hapa jambo tunalomshukuru kuliko yote.

Mwaka 2013 baba aliugua presha ya macho. Aliificha kwa muda, hadi siku aliposugua mlango wa gari kwa mashine mpaka rangi ikaisha, bila kuona. Aliizima mashine, akaingia ndani, akakaa ameelekea ukutani. Madaktari walijitahidi, lakini nuru ilikwisha. Akawa hatoki. Tulipombembeleza, alisema, "Nitoke nikafanye nini? Niwekwe pembeni pamoja na ndoo?"

Mama hakumbembeleza. Asubuhi moja alimwekea mapajani beseni la taulo zilizokauka.

"Baba watoto, jana gari la mteja lilipata mkwaruzo. Kuna mchanga umejificha kwenye taulo hizi, na mimi siuoni. Nitafutie."

Haukuwa ujanja wa kumliwaza. Mkwaruzo ulikuwepo kweli, na mteja alikuwa amesema hatarudi. Baba akaingiza mikono kwenye beseni. Kisha vidole vikaanza kutembea, polepole, taulo moja baada ya nyingine.

"Huu hapa mchanga. Hii ina nta iliyoganda pembeni. Na hii hukuisuuza vizuri, inateleza."

"Ee!" mama akasema. "Umeanza kunikosoa. Umepona."

Alienda chumbani akalia peke yake. Dada yetu mdogo alimwona. Jioni hiyo mama akachukua sindano, akatia fundo la uzi kwenye pembe ya kila taulo: fundo moja la bodi, mawili ya vioo, matatu ya magurudumu, ili baba aweze kuzipanga mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna taulo iliyogusa gari la mtu kabla ya kupita mikononi mwa baba. Mteja yule alirudi. Karakana ikasimama imara, nasi tukasoma. Lakini zaidi ya hayo, tulipata tena baba anayeamka asubuhi akidai viatu vyake vya kazini.

Mwaka 2021 mama alianza kuchoka haraka na kuvimba miguu. Hospitalini iligundulika kwamba moyo wake umedhoofika. Daktari alimwambia asiguse tena ndoo ya maji. Alimtii kwa namna yake: hakuigusa kwa mkono, aliisukuma kwa mguu. Mkwe wake alipoinyakua, alikubali kukaa kwenye kigoda na kufundisha kwa mdomo, na mdomo ule haukuugua hata siku moja. Tunawashukuru sana wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyekubali kukosolewa jinsi anavyokunja shuka.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Februari mwaka 2025, akalazwa. Alasiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi, mawingu yalikuwa yametanda. Baba alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono.

"Mvua inakuja," mama akasema. "Taulo zimeanuliwa?"

"Zimeanuliwa."

"Zote?"

"Zote, mke wangu."

"Asante."

Akafumba macho. Muda si mrefu baadaye alituaga, kwa utulivu, mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Ameacha mume, mabinti wawili na mwana mmoja, mkwe, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, na wafanyakazi wa karakana ambao kila mmoja amewahi kukemewa naye na kila mmoja leo analia. Tunamshukuru Mungu kwa kutukopesha mtu wa namna hii kwa muda wote huo. Ampokee, na ampe mapumziko ambayo sisi tulishindwa kumlazimisha ayachukue.