Historia ya Afande Okidi Gaudensio na Msumeno Wake wa Reli

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wakwe zetu, maafande mlioko kazini na mliostaafu, na ninyi majirani wa Naguru na Namuwongo, mimi ni Ocen, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nimsimulie mtu ambaye mwenyewe hakupenda kusimuliwa, kwa hiyo sitampamba.

Marehemu Okidi Gaudensio alizaliwa Lira tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu wa marehemu Koplo Odyek na marehemu Mama Ayot, akasoma shule ya msingi hapa Naguru tangu 1970 hadi 1976, kisha akarudi Lira kusomea useremala, akamaliza mwaka 1981 akiwa wa pili darasani, jambo alilotukumbusha maisha yake yote bila kuulizwa.

Mwaka 1986 alijiunga na polisi, akapangiwa karakana, akatengeneza milango, madawati na vitanda vya kambi hadi alipostaafu kwa cheo cha sajenti tarehe 30 Juni 2018. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Akullo Docus, mshonaji wa sare, na Mungu akawajalia watoto wawili, Amito na Olweny.

Baada ya kustaafu alifungua karakana ya makabati ya jikoni huko Namuwongo pamoja na ndugu yetu Pitshou, fundi kutoka Butembo, na kazi ilikuwa imeshika kasi pale, mwaka 2019, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, na daktari akautaja ugonjwa huo kuwa Parkinson. Afande hakuogopa kufa, aliogopa kukaa nyumbani akiangalia wenzake wakifanya kazi, na aliyasema hayo waziwazi kwa mkewe, akimkataza asimwambie mtu mwingine.

Ndipo aliponunua ule msumeno wa umeme unaoteleza juu ya reli ndefu ya alumini, reli unayoilaza juu ya ubao wa plaiwudi, ukingo wake wa mpira ukigusa mstari wa penseli, ukaibana, ukasukuma, na msumeno hauna njia nyingine ila kwenda sawa, hata anayeusukuma awe anatetemeka, na ubao unatoka bila kumenyeka pembeni. Pitshou, ambaye hukata kwa jicho na mkono mtupu na anajua kujisifu, alimwita Stesheni Masta, na Afande akamjibu kwamba treni haijawahi kukosa njia kwa sababu dereva ni mzee.

Lakini reli inakwenda sawa pale tu inapolazwa sawa, na mwaka 2022 vidole vyake vilishindwa hilo, akailaza upande usio wake wa mstari, meno ya msumeno yakala unene wao kutoka kwenye ubao uliotakiwa badala ya kwenye mabaki, rafu zote za kazi moja zikatoka fupi, na mwenye kazi akazikataa mbele ya watu. Siku ile Afande alirudi nyumbani, akavua koti la kazi, akamwambia mkewe kwamba amekwisha.

Kesho yake Akullo alikwenda Namuwongo, akalaza reli mwenyewe. Ubao wa kwanza ulitoka mkubwa kuliko kipimo, kwa sababu shemeji yangu, mshonaji wa miaka mingi, alikuwa ameacha nafasi ya pindo nje ya mstari kama anavyofanya kwenye suruali, Pitshou akacheka hadi akakaa chini, na Afande naye akacheka, mara ya kwanza tangu zile rafu, akamweleza kwamba ubao hauna pindo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na tangu hapo mama alilaza reli, baba akasukuma msumeno, huku wateja wakidhani mama ameleta chai.

Tarehe 20 Oktoba 2025 alilazwa kwa nimonia, na tarehe 8 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, alituacha, Amito akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotandika mikeka na kupika, maafande wenzake, na Pitshou ambaye hajalala tangu msiba uanze.

Mwisho, wale waliokuja jana kuulizia bei ya msumeno, kabla hata mwili haujafika nyumbani, jamani, mkono wa pole hautanguliwi na bei, na msumeno hauuzwi. Na bwana wa Ntinda uliyekuja kutuambia kwamba makabati yako ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya marehemu, asante sana, lakini yalipotengenezwa yeye alikuwa hospitalini, mbao zako zote zilikatwa na huyu mjane aliyekaa mbele yako, peke yake, na Jumatatu baada ya matanga karakana itafunguliwa.

Afande Okidi, kazi yako haikukaa nyumbani, lala sasa, upumzike kwa amani.