Danstan Bizimana na Ukanda wa Mibura

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu waombolezaji, mimi ni Faustini, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimeteuliwa na ukoo kusoma, na naomba mnivumilie, kwa sababu historia hii niliiandika mara mbili, na ile ya kwanza, iliyokuwa nzuri zaidi, nimeichana asubuhi ya leo.

Marehemu Danstan Bizimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1940 hapa Murukulazo, wilaya ya Ngara, akasoma hadi darasa la nne, 1950 hadi 1953, na tarehe 2 Januari 1963 akaajiriwa kuwa mlinzi wa misitu, kazi aliyoifanya hapa na Biharamulo kwa miaka thelathini na miwili. Tarehe 7 Mei 1966 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Marsiana, wakajaliwa watoto saba, tuliobaki ni watano.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi walipoingia kwa wingi na kila jiko likataka kuni, marehemu alikabidhiwa ndoo ya rangi nyeupe atie alama miti isiyopaswa kukatwa, naye akaipaka mibura mikubwa yenye matunda, akiamini kwamba mti mzazi ukibaki, msitu umebaki. Watu walimtii, wageni na sisi wenyeji, hakuna aliyegusa mti wenye rangi, lakini tulimaliza kila kilichokuwa katikati, mpaka visiki, na msitu wa mlima wetu ukatengana na ule mkubwa wa upande wa Biharamulo.

Alistaafu Agosti 1995, akawa anakwenda kuitazama mibura yake, na ni rafiki yake mkimbizi, Bwana Havyarimana, aliyemwonyesha matunda yakioza shinani bila mlaji, kwa kuwa nyani na funo hawakuthubutu kuvuka uwazi ule, na miche iliyochipua chini ya mti mzazi ilikuwa ikifa yote. Marehemu alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema kwamba aliokoa miti akaua msitu, na kwamba anaona aibu.

Tangu mwaka 1996 alikuwa akienda msitu wa Biharamulo na gunia, akiokota kinyesi cha nyani, akikiosha kijitoni, akitoa mbegu za mibura na kuzipanda kwenye ukanda unaopita shambani kwetu, ili misitu ile miwili ishikane tena. Mlimwita Mzee Mavi, na sisi wanawe tulicheka pamoja nanyi. Julai 1999 alishuka basi pale Kabanga, ninapofanya biashara, gunia begani, abiria wakilalamikia harufu, wenzangu wakaniuliza huyo ni nani, nikasema ni kibarua wetu wa shamba, naye alinisikia, akaniita bosi, akapita. Sikumwomba radhi, wala yeye hakulitaja tena.

Alianza kuugua ini Machi 2006, akalazwa hospitali tarehe 11 Septemba, na huko jirani yetu Mama Tecla alimletea habari kwamba ameona nyani jike, mtoto mgongoni, akipita ndani ya ukanda kuja mlimani kwetu, marehemu akacheka mpaka muuguzi akamkanya. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2006, saa nne asubuhi.

Siku hiyohiyo vijana waliniuliza kuni za msiba zikatwe wapi, nami, nikiwa na haraka ya jeneza, nikanyoosha mkono, nikasema vichaka vya mzee viko karibu. Ukanda umekatika katikati, hatua arobaini, nimezihesabu mwenyewe jana jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wa misitu wenzake, majirani wote, Bwana Havyarimana aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na akina mama mliotupikia kwa kuni mbichi, nanyi nawaomba radhi, maana moshi uliowatoa machozi tangu juzi ni mibura ya baba yangu, na chakula tulichokula sote kimeivia juu yake.

Baba, gunia lako nimelitoa nyuma ya mlango, nitakwenda nalo Biharamulo, nitarudi nalo kwa basi, na nitashuka nalo Kabanga mchana, watu wakiwepo, na wakiuliza ni la nani nitawaambia ni la baba yangu. Sasa pumzika kwa amani, ile ambayo mimi sikukupa.