Mwalimu Marhoon na Sanduku la Karatasi za Wamarekani

Alkhamisi hii, tarehe 30 Aprili 1970, Mwalimu Marhoon bin Khalfan anaiweka chaki chini baada ya miaka thelathini na miwili ya kusomesha: ishirini na sita Unguja, na sita hapa kwetu Matrah, jirani na Maskati, Omani. Bwana Harub, mkuu wetu wa shule, amenitaka mimi niandike wasifu wake. Nilimwambia ana walimu wengine. Akanijibu kuwa wengine wanampenda mno, watailoweza karatasi kwa machozi. Basi nimekubali, ingawa liko jambo moja Bwana Harub halijui, na atalijua akifika mwisho.

Mwalimu alifika Maskati mwaka 1964, na kila mmoja wetu wakati ule alifika na alichoweza kukibeba. Yeye alikuwa na mkewe, mabinti wawili, rula ya futi moja, na kibali cha kukaa kilichoandikwa jina la shule. Shule ikimtaka, anakaa. Shule ikimkataa, hana pa kwenda, maana Unguja hakurudiki.

Vitabu vya historia shuleni havikuwapo. Kilichokuwapo ni sanduku la mbao aliloliacha mhandisi mmoja wa Kimarekani aliporudi kwao. Sote tulishalifungua tukalifunga. Ndani mna nakala za barua za watu waliokufa zamani, matangazo ya magazeti, orodha za shehena za meli, ramani moja, na lile Tangazo la Uhuru la Wamarekani la mwaka 1776. Bwana Harub alikuwa akiliweka akiba ya kuwashia jiko. Mwalimu Marhoon alilipapatikia kama kaletewa halua.

Watoto wa chumba cha pili aliwagawia karatasi moja moja, na ukutani akabandika maswali matatu: Nani kaandika? Kamwandikia nani? Nini hakukisema? Historia hakuwahadithia, aliwaacha waigombanie wenyewe. Barua ya askari aliikata vipande wakaipanga upya, na kutwa nzima hawakuafikiana kama askari aliona njaa kabla ya kuandika au baada. Walipofika Boston, mji wa jimbo la Massachusetts, ambako watu walimwaga chai baharini kwa hasira ya ushuru, beseni la maji likawekwa uani. Mmoja akawa karani wa forodha, mmoja nahodha, waliobaki wakawa wenye hasira. Shaikha, msichana wa miaka kumi na miwili, aliuliza kwa huzuni kama watu wale hawakuweza kuinywa kwanza halafu ndiyo wakasirike. Chai yenyewe ilitoka kabatini kwa Bwana Harub. Samahani, Bwana Harub.

Mimi, Masouda, nasomesha hesabu chumba cha jirani, watoto hao hao wakija kwangu kwa zamu, na kelele zote hizo zilinipata kupitia ukutani. Nnasema kweli, nilikuwa simpendi.

Februari ya mwaka 1966 aliwaambia watoto waandike tangazo lao kwa mpango ule ule wa Wamarekani: waseme wao nani, wayataje madhila ya mtawala wao moja moja, kisha watie sahihi. Akahitajika dhalimu. Hawakutafuta mbali. Dhalimu wa chumba cha pili nilikuwa mimi.

Waliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama barua za majumbani mwetu. Shaikha akalichukua kwao kulinakili kwa wino mzuri, na bibi yake, Bibi Nasriya, akalikuta juu ya mkeka. Alisoma mstari wa kwanza tu: kwamba sisi tuliotia sahihi tunatangaza kuwa tangu leo hatuko tena chini ya utawala. Hakuendelea. Bibi Nasriya alishatangaziwa mara moja, kwa redio, Januari ya mwaka 1964, Unguja ilipopinduliwa, na siku ile alichelewa kufunga mizigo. Safari hii hakuchelewa. Adhuhuri haijaadhiniwa, sanduku lake liko mlangoni, na majirani wa kulia na wa kushoto nao wamekwishafunga, hawajui waendako. Mmoja alimfunga hata kuku.

Leo tunacheka. Siku ile hakucheka mtu. Wazazi walimjia Bwana Harub, wakasema mwalimu anayewafundisha watoto kutangaza mambo kama yale atatufukuzisha sote Maskati. Bwana Harub akaniuliza mimi, niliyetajwa, kama nina lalamiko la kuandika. Nikiliandika, Mwalimu hana kazi, na kibali kimekufa. Nikasema nitafikiri.

Lasiri wote tulikusanyika kwa Bibi Nasriya. Mwalimu Marhoon alikuja kuomba radhi, uso umemwiva. Mlangoni akajikwaa kwenye sanduku la Bibi, kifuniko kikafunguka. Juu kabisa palikuwa na jora jeupe la merikani, ile nguo nzito ya pamba, limekunjwa vizuri, na muhuri wa kiwanda wa buluu. Masikini, akasahau kilichomleta. Alichuchumaa akausoma muhuri: Massachusetts. Akamwita Shaikha atazame, ni kule kule kwa chai. Kisha akamuuliza Bibi, kwa adabu zake zote, nani kainunua nguo ile, kamnunulia nani, na nguo yenyewe haisemi nini.

Bibi alijibu. Mama yake aliinunua sokoni Darajani, Unguja, ikawekwa iwe sanda yake Bibi. Siku ya kukimbia aliichukua kabla ya dhahabu, kwa kuwa hakutaka kuzikwa na nguo ya kuazima. Na ambacho nguo haisemi, alisema, ni kuwa alipoichukua alidhani ataihitaji siku ile ile.

Kisha Bibi akataka lile tangazo asomewe lote. Shaikha akasoma. Dhila la kwanza: Mwalimu Masouda haisikii kengele ya kutokea, ila ya kuingilia huisikia. La pili: anatoa hesabu za kufanya Ijumaa. La tatu: anawatazama watu ambao hawajafanya kitu bado. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya za watoto, akanigeukia kuniambia kuwa la pili wana haki. Sanduku likarudishwa ndani. Kuku akafunguliwa.

Tangu hapo Bibi alikuja darasani kila mwaka na merikani yake, akihojiwa na watoto. Mwaka jana alifariki, Mungu amrehemu, akasitiriwa nayo. Kipande chenye muhuri alikwishausia kikatwe, wapewe chumba cha pili. Kiko ukutani, chini ya yale maswali matatu.

Sasa lile jambo langu. Bwana Harub anaamini sikuandika lalamiko. Niliandika, kurasa mbili, na lasiri ile lilikuwa ndani ya buibui langu tayari kutolewa; Bibi alipocheka nikaliacha humo humo. Lilisema nnawahofia watoto. Miaka minne nimelificha, kila asubuhi Mwalimu akinisalimu kwanza yeye. Leo nimelitia katika sanduku la mbao, pamoja na tangazo la watoto, ili chumba cha pili wawe na la kusoma mwakani. Majibu nawapa mapema. Aliyeandika ni Masouda binti Ghanim. Kamwandikia mkuu wa shule. Na ambacho hakukisema ni kuwa alimwonea Mwalimu wivu, kwa sababu watoto walikuwa wakilia kengele ya kutoka kwake inapogongwa, na kuruka ruka inapogongwa ya kutoka kwangu.

Mwalimu Marhoon anahamia Hail, kwa binti yake mkubwa. Tunakushukuru, Mwalimu, na mimi nakuomba radhi mbele ya watu. Mungu akupe afya, wajukuu wabishi na chai usiyoimwaga. Na lile dhila la pili nimeliondoa: kesho Ijumaa, hesabu hakuna.